Mwaka wa Dampa na Sahani ya Shosho

Siku hizi wateja wangu huniita injinia, nami sijawahi kumsahihisha hata mmoja. Shule niliiachia darasa la sita. Lakini ukipita Limuru au Ngong wakati wa baridi ukaona moshi unapanda kutoka kwenye dohani bila kusitasita, haurudi ndani kumliza mama mwenye nyumba, simama uulize ni nani aliyeijenga. Utatajiwa mimi. Nina karakana mbili, na kule Pipeline nina nyumba ya kupangisha ambayo wapangaji wa juu kabisa wanaona ndege zikitua. Vyote hivyo nimevipata kwa kujua mambo ya moto na hewa ambayo kila mtu anadhani anayajua. Sikuwa na mpango wa kuandika habari za mwaka ule wa Dandora. Nimeandika kwa sababu ya wanawake wawili waliokuwa wakimenya viazi.

Tulikuwa matangani kwa Fundi. Sisi tuliowahi kufanya kazi kwake hatukumwita kwa jina jingine, na hata alipofunga karakana akawa mzee wa kuota jua alibaki Fundi. Nilikaa kidogo sebuleni kwake, sebule ile ile ya mwaka ule, na jiko la ukutani alilolijenga humo bado lipo, sasa wameweka juu yake chupa za chai na vikombe vya wageni. Nikatoka uani kunawa mikono. Karibu na bomba walikuwa wamekaa wanawake wawili, beseni la viazi kati yao, na mmoja alikuwa akimtazama mjane, Mama Shiko, aliyekuwa akipita na leso kichwani.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye. Si ndiye alikuwa anamtilia mama mkwe kitu kwa chakula? Watu wa zamani wa hii ploti wote wanajua."

"Ai! Na huyu mzee naye, walisema amekufa na nini?"

"Walisema moyo." Akakata kiazi katikati, akakitupa majini. "Walisema."

Nilinawa mikono yangu mpaka ikawa safi kupita kiasi. Miaka yote hiyo, mama wa watu amezeeka, amemzika mumewe, na neno bado linazunguka uani kama kuku asiye na mwenyewe. Niliwaambia wale wanawake waniangalie vizuri, kwamba mimi nilikuwa hapa, na nilichowaambia ndicho ninachokiandika.

Mwaka ule wa Dandora nilikuwa kijana ambaye ndevu zinaanza kumdanganya kwamba yeye ni mtu mzima. Fundi alikuwa na ploti yake Dandora, zile ploti ambazo mtu alipewa kipande na kujijengea polepole, vyumba vimezunguka ua. Mbele, upande wa barabara, palikuwa na karakana. Nyuma yake sebule ya mawe ya Fundi na chumba chao cha kulala. Jikoni kulikuwa ng'ambo ya ua, kwenye kibanda cha mabati, na vyumba vilivyobaki vilikuwa na wapangaji. Mimi na Musa tulilala kwenye chumba kidogo kilichojaa vipande vya bati. Musa alikuwa Mwislamu mzaliwa wa mtaani, mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Tulikuwa tukitengeneza majiko ya makaa, mifereji ya paa, matangi, sanduku za wanafunzi, mpaka mjenzi mmoja wa nyumba za matajiri alipomletea Fundi mchoro wa dampa na kumwuliza kama anaweza. Fundi hakuwahi kuulizwa kama anaweza akasema hapana.

Dampa ni bamba la chuma linalokaa kwenye koo la dohani, juu kidogo ya moto. Lina mkono unaotokeza mbele. Ukivuta, bamba linasimama na hewa inapita. Ukisukuma, linalala na kuziba. Basi. Mtu akiniambia ni kitu rahisi simbishii, ila namwuliza: unafungua wakati gani, na unafunga wakati gani? Hapo wengi hukosea, hata wenye magari mazuri kuliko langu. Fundi alitufundisha sebuleni kwake, maana alijenga jiko la ukutani pale pale ili wateja waje waone kazi. Jiko la ukutani Dandora! Majirani walikuja kulitazama kama watu wanaotazama ng'ombe juu ya paa. Alipiga magoti mbele yake na kutuonyesha. Kabla ya kuwasha, vuta mkono, kisha washa gazeti ulishike pale juu kooni ili dohani ipate joto, kwa sababu dohani baridi husukuma moshi chini. Moto ukishika barabara, unaweza kurudisha mkono nusu, joto lisikimbie lote. Moto ukiwa umekufa kabisa, funga, la sivyo baridi ya nje na harufu ya dampsite, lile jalala kuu la jiji, vitashuka sebuleni.

"Na utajuaje umekufa kabisa?" akauliza.

"Macho," nikasema.

"Macho yako yana kazi gani hapa? Weka kiganja kwenye jivu. Likiwa baridi kama udongo, funga. Likiwa na uvuguvugu, ondoa mkono wako kwenye hiyo dampa kabla sijaukata."

"Na likiwa bado moto, Fundi?" Musa akauliza.

"Kiganja chako kitakuambia."

Mama yake Fundi alikuja msimu wa baridi, ametoka Murang'a, nyonga zinamsumbua. Sote tulimwita Shosho, yaani bibi, hata wapangaji. Alikuja na kikapu chake, fimbo yake, na shaka zake. Alikuwa mwanamke mwenye akili nyingi na imani kidogo sana kwa watu wasiotoka tumboni mwake. Alipewa kiti cha sebuleni karibu na moto, na pale ndipo alipokaa tangu chai ya asubuhi mpaka jioni, na Shiko mapajani. Shiko alikuwa mtoto wa kwanza wa Fundi, hajamaliza kujua kutembea, na kwa desturi yao alipewa jina la Shosho. Kwa hiyo Shosho alikuwa akimwita "mimi mdogo", na ukimkaribia mtoto bila kunawa mikono ulitajiwa ukoo wako wote. Dirisha la sebule lilifungwa daima. Nani Dandora afungue dirisha wakati upepo unatoka kwenye takataka zinazoungua? Mama Shiko alikuwa amepachika vitambaa kwenye nyufa zote, na chini ya mlango palikuwa na gunia lililokunjwa. Harufu ya moshi wa dampsite tulikuwa nayo kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye mkate. Hatukuihesabu tena kuwa moshi.

Basi Shosho akaanza kuugua. Kila alasiri, baada ya chakula cha mchana, kichwa kilimpasuka, tumbo likamgeuka, miguu ikalegea. Alipelekwa kliniki wakampima presha, wakampa vidonge. Njiani kurudi alikuwa mzima, anauliza bei ya vitunguu. Akirudi kukaa sebuleni, yale yale. Jumapili alikuwa akienda kanisani kutwa nzima, anakula na kina mama wenzake huko, na anarudi akiwa na nguvu za kugombana. Sasa wewe fikiria ungekuwa Shosho. Ukila kwa mkaza mwana unaumwa, ukila kanisani unapona. Nani angekuambia vingine?

Mara ya kwanza kulisikia neno lenyewe nilikuwa nimebeba bati mlangoni. Shosho alikuwa akimwambia Fundi kwa sauti ya chini, lakini sauti ya chini ya Shosho ilikuwa inafika barabarani.

"Huyu mke wako amenichoka."

"Maitu, mama, usiseme hivyo."

"Sisemi. Nauliza. Mbona akileta chakula hakai? Anaweka sahani, anakimbia jikoni. Mtu mwenye moyo safi hukaa."

Kweli alikuwa akikimbia. Alikuwa na sufuria motoni, nguo kwenye beseni, na mpangaji wa chumba cha pembeni anayeiba maji. Lakini neno likishaingia kwenye ploti halitafuti sababu. Kesho yake wapangaji walikuwa wakimsalimu Mama Shiko kwa midomo ya mbele. Hata mimi, siwezi kujitoa, nilimtazama akitia chumvi kwenye githeri, mahindi na maharagwe, nikaona mkono wake kama umekawia hewani. Musa alinidokeza, "Manze, ukipewa mabaki ya Shosho, kula wewe. Mimi mama yangu bado ananihitaji." Tulicheka. Siku chache baadaye Shiko alilala mapajani mwa Shosho usingizi usio wa kawaida, akatapika alipoamshwa, na hapo hakuna aliyecheka. Mama Shiko alimchukua mwanawe akamfunga mgongoni, akasema, "Sasa mtasema na mtoto wangu pia nimempa?" Shosho akajibu bila kumtazama, "Mtoto huonja kwenye sahani yangu."

Fundi alikuwa mtu wa kunyoosha vyuma, si watu. Alichofanya ni hiki. Mchana mmoja, Shosho amekataa kugusa chakula, alimwita mkewe mlangoni na kumwambia, kwa upole hasa, "Onja tu kidogo, Mama Shiko, ili mama atulie." Mimi na Musa tulikuwa tumekaa kizingitini na sahani zetu. Mama Shiko alionja akiwa amesimama, mtoto mgongoni. Ikawa kawaida. Wiki nzima yule mama alisimama mlangoni akionja ugali, akionja sukuma wiki, akionja chai, na wapangaji wakipita polepole kuliko ilivyohitajika. Kisha asubuhi moja akapanga nguo zake na za mtoto, akamwambia mumewe, "Nakwenda kwa dada yangu Ziwani. Tafuteni wa kuonja." Akatoka. Shosho alibaki ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, anatazama mahali pa mtoto mapajani.

Kazi ya chakula nikaachiwa mimi. Nilichukua chapati na maharagwe kibandani, au nikapika mwenyewe, maana hata upishi naujua kuliko wengi. Na Shosho akaendelea kuugua. Hapo ungedhani angesema, kumbe nilimwonea mkaza mwana wangu. Wapi! Siku ya pili tu nilimsikia akimwambia Fundi: "Amemwachia huyu kijana kazi. Unaona anavyojua kupika? Mwanamume ajuaye kupika amefundishwa na nani?"

Musa aliniita kando. "Buda, jina lako limeingia. Fundi akikufukuza hapa kama mtu wa sumu, hakuna karakana itakupokea kuanzia hapa mpaka Gikomba."

Alisema kweli. Nilikuwa nimekuja mjini na mikono yangu tu, na mikono ya mtu wa sumu hakuna anayeitaka. Lakini hofu ile ilinifumbua macho. Mimi nilijua sikutia kitu. Nilijua kwa hakika ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Na kama mimi sikutia na bado anaugua, basi labda yule mama naye hakutia. Hesabu hiyo niliifanya peke yangu, bila darasa la saba.

Nikamwambia Fundi, mbele ya Shosho, kwamba leo sitoki sebuleni. Nitakula na Shosho sahani moja, upande mmoja wake, mwingine wangu, na nitakaa hapo hapo mpaka jioni. Shosho akanipima kwa macho. "Kaa," akasema. "Nikuone."

Tukala. Nje kulikuwa na manyunyu, ndani joto zuri. Nilikuwa nimewasha moto mwenyewe asubuhi, kuni za mabaki ya mbao chini, makaa juu, kwa gazeti na kila kitu kama nilivyofundishwa. Alinihoji kuhusu watu wetu, mashamba yetu, kwa nini niliacha shule, kama nilifukuzwa. Alinihoji kama askari. Kisha nikaona kichwa changu kimeanza kubana kwenye panja, kama kofia ndogo. Nikadhani ni maswali. Baadaye tumbo likawa jepesi vibaya, na fimbo ya Shosho ikawa kama fimbo mbili. Yeye alikuwa amefumba macho, anasema polepole, "Umeona? Imekushika na wewe. Ulijitilia mwenyewe?"

Hapo ndipo nilipotazama jiko. Makaa yalikuwa mekundu, mazuri, hayana moshi hata uzi. Na mkono wa dampa ulikuwa umesukumwa ndani mpaka mwisho.

"Shosho, nani amefunga?"

"Mimi. Ulipopeleka sahani mlangoni."

"Kwa nini?"

Akafumbua jicho moja, akanitazama kama anayemtazama mjinga. "Moshi si umeisha? Kwenu hamna jiko? Unawasha nje, moshi ukiisha unaingiza ndani. Au mwanangu amewafundisha kupasha joto ndege wa angani?"

Nilielewa yote kwa pigo moja, na kichwa kile kile kinachouma. Sote huku Eastlands tumezoea hivyo. Jiko la makaa unaliwasha koridoni au uani, unalipepea, linatoa moshi, majirani wanalalamika. Likishakuwa jekundu na safi unalibeba ndani kwa fahari na kufunga mlango. Moshi ndio adui, na moshi umekwisha. Watu wamekufa kwa imani hiyo, na bado kesho wanaingiza. Kumbe lile lenye kuua halina rangi wala harufu, linatoka kwenye makaa mekundu kabisa, na kazi ya dampa si kutoa moshi peke yake. Shosho alifanya kitu alichokijua tangu utotoni, kila siku baada ya chakula, kwa uangalifu wote, na mjukuu mapajani.

Nilivuta ule mkono wa dampa mpaka chuma kikalia. Nikapiga teke gunia la mlangoni, nikamwita Fundi na Musa, tukamtoa Shosho na kiti chake chote mpaka uani, kwenye manyunyu, chini ya ukingo wa bati. Wapangaji wakatoka. Mmoja akasema kwa sauti, "Huyu kijana amemmaliza!" Nikamwambia asubiri. Na kweli, polepole rangi ikamrudia, akaomba maji, kisha akamtukana yule mpangaji kwa kusimama bila kazi. Fundi aliniuliza nini kimetokea nikamwambia. Akaingia sebuleni peke yake. Nilimwona kupitia mlangoni amepiga magoti mbele ya jiko lake, kiganja juu ya jivu, halafu akakiondoa haraka. Alipotoka aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nilimwambia ni ya moshi," alisema. "Aliniuliza hiki ni cha nini, nikamwambia, Maitu, ni cha kutoa moshi. Basi. Sikumwambia lingine."

Alivaa koti akaenda Ziwani siku ile ile. Alirudi peke yake. Alitueleza kwamba mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chai, akamwambia: "Nimefurahi umejua. Lakini aliyesema nina sumu si wewe. Aje yeye mwenyewe." Kwa desturi zao hilo halifanyiki. Wanaokwenda ni wazee wa upande wa mume, au mume na ndugu zake, lakini mama mkwe hafungi kitambaa kwenda kumwomba mkaza mwana. Fundi alimweleza mama yake akitarajia ngurumo. Shosho alitafuta fimbo yake chini ya kiti. Kisha akasema, "Huyu kijana atanisindikiza," akininyooshea fimbo.

Tulishuka matatu mbali kidogo na nyumba ya dada yake tukamalizia kwa miguu, mimi nimebeba kikapu chake, ndani mna ndizi na kitambaa kipya cha mtoto. Alitembea akisimama kila baada ya hatua kadhaa. Nikadhani amekubali kwamba si sumu. Nikaanza kumweleza tena habari ya ile hewa, kwa fahari, jinsi nilivyoigundua.

"Wewe uliiona?" akaniuliza.

"Haionekani, Shosho."

"Uliinusa?"

"Haina harufu."

"Basi ulijuaje ipo?" Akasimama, akaegemea fimbo, akanitazama kwa yale macho ya uchunguzi. "Kijana, mimi nimeishi. Sumu naijua, watu wamekufa nayo nikiona. Hewa isiyoonekana sijawahi kuiona. Labda ni kweli. Labda mwanangu anataka mke wake tu, na wewe unataka kazi yako. Yote mawili siwalaumu." Akaanza kutembea tena. "Nikifa huko, mwambie mwanangu nilikwenda kwa miguu yangu."

Nikahamishia kikapu mkono wa pili, nikamfuata.

Mama Shiko alikuwa ameketi nje ya nyumba ya dada yake, kwenye kivuli cha ukuta, anachambua mchele. Alituona, hakuinuka. Shosho ndiye aliyetangulia kumsalimu. Tukaingia chumba kidogo, safi, kitanda nyuma ya pazia. Shiko akatambaa mpaka kwenye fimbo akaishika. Shosho hakumgusa, akasubiri. Hakuna aliyezungumza habari ya moto wala sumu. Baada ya muda Mama Shiko alikwenda jikoni, na tukamsikia akipakua, kijiko kikigonga sufuria. Alirudi na sahani moja ya wali na mchuzi wa nyama, akaiweka mbele ya mama mkwe wake, akabaki amesimama, mikono imefungwa kifuani. Hakuonja. Hakuna aliyemwambia aonje. Dada yake alikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa nashikilia kikapu kama mjinga, najua peke yangu kile ambacho Shosho alikuwa anafikiri.

Shosho aliitazama sahani. Aliizungusha kidogo kwa kidole, kama mtu anayetafuta upande wa kuanzia. Kisha akanawa mkono, akamega, akala. Alikula bila haraka na bila kupumzika, akisafisha sahani mpaka maua yaliyochorwa chini yake yakaonekana yote. Akaisukuma mbele.

"Mama Shiko," akasema, "niongezee mchuzi."